Upande wa Walio Hai

Mimi nimechoka. Naanza na hilo kabisa, ili mtu asije akadhani ni deko nikilirudia huko mbele. Nakaribia miaka sitini, magoti yananilia nikipanda ngazi, na huu ni mwaka wa sita namhudumia mwanamke mmoja wa Kigiriki mwenye miaka tisini na ushee, kule Observatory, juu mlimani, hapa Johannesburg. Namwogesha, namgeuza, namlisha, namsikiliza. Hilo la mwisho ndilo kazi.

Mwenyewe nakaa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, kila chumba na nchi yake. Mlango wa pili kuna mama wa Kirundi anayeuza nyanya pale kona karibu na spaza, kiduka cha mtaani. Tukikutana kwenye foleni ya choo tunasalimiana Kiswahili, yeye na chake, mimi na changu. Binti yangu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, na nikimkaripia anahamia Kiingereza kama mtu anayekimbilia ubalozini. Nililetwa huku na ndoa. Mume wangu alikuwa mpigania uhuru, mmoja wa wale waliokaa kwetu Morogoro miaka ile, na nchi yao ilipofunguka akasema, twende nyumbani. Nikaja. Nyumbani kwake. Yeye ameshalala kaburini Soweto, mimi napandisha mlima kila asubuhi.

Nikifika namkuta mzee ameamka zamani, macho kwenye dari, ananingoja anilaumu.

"Umechelewa."

"Sijachelewa, gogo."

Namwita gogo, kama wanavyomwita bibi huku. Siku za mwanzo alikataa, akasema yeye si Mzulu. Nikamwambia hata mimi si Mzulu, sasa tutafanyaje? Akacheka, na neno likabaki. Tunazungumza Kiingereza, yeye na Kiingereza chake cha Kigiriki, mimi na changu cha Kilosa, na tukishindwa tunamalizia kwa mikono.

Watu wa Kilosa Mgiriki tunamjua. Mashamba ya mkonge yalikuwa yake, na bibi yangu mzaa mama alikata mkonge wa Mgiriki mpaka vidole vikapinda. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna Mgiriki anatafuta mtu wa kumtunza, nilijisemea, haya, ukoo mzima tumeandikiwa hawa hawa. Lakini huyu wangu hakuwahi kuwa na shamba. Alikuja Johannesburg kwa meli, bibi harusi wa mtu aliyemjua kwa picha, wakafungua kafe ndogo Bertrams, akakaanga chipsi na kuuza sigara moja moja miaka thelathini na tano. Mikono yake na ya bibi yangu ukiiweka pamoja hutajua ipi ya kabila la bwana na ipi ya kibarua.

Sasa, gogo ana karatasi yake. Kila wiki hupeleka kanisani kwao mkate na karatasi ya majina, na tangu miguu imkatae, anayepeleka ni mimi. Mkate naukanda mimi, yeye akiwa kitini ananisema kwamba unga umelegea. Karatasi imekunjwa katikati, ina pande mbili: upande mmoja walio hai, upande mwingine waliokufa, ili kasisi awaombee wote, kila mtu mahali pake. Upande wa walio hai ulikuwa na majina saba. Bintiye anayekaa mitaa ya kaskazini, mume wa binti, mwanawe wa kiume aliyehamia Australia, wajukuu watatu, na mmoja wa mwisho kabisa ambaye mimi nilimchukulia ni mpwa aliyebaki Athens. Upande wa wafu ulikuwa mrefu kama foleni ya kuhuisha vibali. Mimi Mwislamu, herufi zao sizijui, nazijua kwa sura tu. Lakini kazi ni kazi.

Yaliyotokea yalitokea mwaka huu, kabla ya kwaresma yao. Wagiriki wana Jumamosi za wafu, zinafuatana, na siku hizo kasisi husoma kwa sauti majina ya wafu wa kila nyumba. Kila nyumba huleta sinia ya ngano nzima iliyochemshwa, ikachanganywa na zabibu kavu na punje za komamanga, juu yake sukari ya unga, na lozi zimepangwa umbo la msalaba. Ukiitazama kabla ya sukari ni kande tu, tofauti ni kwamba hii inaliwa na walio hai kwa niaba ya waliokufa. Nilikaa jikoni kwa gogo Ijumaa nzima nikipanga lozi moja moja kufanya msalaba, mimi niliyehitimu juzuu amma kwa fimbo. Mungu anajua nia ya mtu.

Wiki hiyo maji ya bomba yalikuwa yamekatika siku nne. Eish, hili jiji. Siku yaliporudi, mtu alikuwa amesahau bomba la jikoni wazi, na mtu huyo ni mimi. Sinki likafurika, maji yakapanda mpaka dirishani ambako gogo huweka karatasi yake chini ya kopo la chumvi. Nilipoiokota ilikuwa imelowa chapa, ikakatika pale kwenye mkunjo, ikawa vipande viwili mkononi mwangu. Nikavianika juu ya jiko vikakauka. Majina yalisomeka, kwa anayejua kusoma.

Kanisani walikuwa wametoa kadi mpya, nzuri, ya kukunja kama kitabu kidogo, na vichwa vya habari vya Kigiriki ndani. Nikakaa mezani na kalamu. Kipande kifupi nilikijua ni cha walio hai, kirefu cha wafu. Nikapaza sauti kwenda chumbani: "Gogo! Nianze na akina nani?"

Akanijibu akiwa amefumba macho. "Walio hai kwanza, halafu wafu. Siku zote."

Nami nikafungua kile kikadi, nikaanza kunakili majina ya walio hai ukurasa wa kwanza. Wa kulia.

Unielewe hapa. Barua, fomu, risiti, hivyo naviandika kama watu wote. Lakini kitu cha dini mkono wangu hukifungua kulia, kama msahafu, ndivyo ulivyofunzwa na maalimu wetu pale Kilosa, na mkono uliofunzwa kwa fimbo hausahau. Sikufikiri hata. Nilichora zile herufi kwa uangalifu kama mtu anayechora pindo la kanga, walio hai kulia, wafu kushoto, nikapuliza wino ukauke, nikaridhika na mwandiko wangu. Gogo nilimwonyesha. Alisogeza kadi karibu na pua, macho yake sasa huona mwanga na kivuli tu, akasema, "Safi sana." Eti safi.

Jumamosi nikashuka na sinia na kadi. Nilisimama nyuma karibu na mlango, kama kawaida yangu. Kasisi alikuwa kijana, mgeni, ameletwa juzi juzi, hamjui mtu. Akasoma nyumba hii, akasoma nyumba ile, mimi naegemea mguu mmoja nikipumzisha mwingine. Alipofika kwenye kadi yetu niliona vikongwe wawili wa mbele wakigeukiana. Mmoja akaweka mkono mdomoni. Nikadhani ni uchungu wa kuwakumbuka wapendwa wao. Wagiriki kwa machozi hawana uchoyo.

Nilikuwa sijamaliza hata kufungua geti kwa gogo, simu ikalia. Bintiye.

"Unajua umefanya nini?"

"Sijui, madam."

"Nimesomwa maiti! Mimi, mume wangu, watoto wangu! Kaka yangu! Watu wananipigia simu wanalia, wananiuliza ilikuwa ajali ya gari au nini!"

Mama yangu wee. Nilikaa palepale kwenye ngazi. Sitaki kusema uongo, kitu cha kwanza kilichonijia ni kicheko, kile cha kuchoka, kinachokuja tumboni bila ruhusa. Nikakibana. Cha pili kilikuwa hofu, maana pale ndipo penye ugali wangu.

Alikuja mwenyewe baada ya saa moja, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akasimama miguuni pa kitanda cha mama yake akaeleza yote kwa Kigiriki, kwa haraka, kidole kikinielekea mimi. Nilisimama mlangoni nikingoja gogo anifyatukie. Ana ulimi yule. Aliwahi kunifukuza kazi kwa sababu ya yai.

Gogo hakunitazama. Aliuliza kitu kifupi. Binti akajibu. Akauliza tena, taratibu zaidi, ameinua kichwa kwenye mto, kitu ambacho daktari alisema hawezi tena. Binti akanigeukia.

"Anauliza kama kasisi alisoma yote saba. Mpaka la mwisho."

"Yote," nikasema. "Nilisikia. Alisoma mpaka mwisho."

Gogo akarudisha kichwa. Akageukia ukutani, akavuta shuka. Binti akamwita, hakuitika. Tukatoka sebuleni, na pale binti akaniambia, bila kupaza sauti, kwamba nimalize mwezi, halafu watatafuta mtu anayejua kusoma. Nikamuuliza, "Yule wa mwisho ni nani?" Akasema ni binamu fulani wa Athens, hajui, mama ameliandika jina hilo tangu yeye mtoto.

Siku mbili gogo hakula. Namwekea supu, anafunga mdomo. Nikajua ni kosa langu, nikajilaumu, nikamlaumu na maalimu wa Kilosa aliye kaburini. Jumatatu, namwogesha mgongo, nikamwambia ukweli wangu: nimekosa, gogo, nisamehe, nimefanya wanao wasomwe maiti, mimi ni mama, najua uchungu wake. Akasema, "Wanangu wazima. Achana nao." Kisha akasema, "Yule wa mwisho ni mdogo wangu. Alikufa ana miaka minne."

Nikabaki na kitambaa mkononi.

Aliniambia siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, vipande vipande, nikimvalisha, nikimchana nywele, mara nyingine akikatisha kuniambia maji ni ya baridi. Mimi naviunga tu.

Mjerumani alipoingia Athens yeye alikuwa na miaka sita. Baba yao alikuwa ameshafia vitani huko milimani, kabla hata Mjerumani hajafika. Wakabaki watatu: mama, yeye, na huyo mdogo wake wa kiume. Mjerumani akazoa kila kitu, mafuta, ngano, mbuzi, hata nyumbu wa kuvuta mikokoteni. Ilipokuja baridi ya kwanza watu wakaanza kuanguka barabarani. Asubuhi gari linapita kuokota waliokufa. Sisi tunasema kifo cha wengi harusi. Nikamwambia gogo msemo huo, akaniuliza, "Aliyeusema alikuwepo?"

Chakula kilikuwa mkate, na mkate ulikuwa kwa kadi. Kila mtu na kadi yake, kila kadi na kipande chake, kidogo, unakificha kiganjani. Mtu akifa unarudisha kadi. Asubuhi moja mama yake alimgusa yule mdogo akamkuta wa baridi. Hakulia. Alimshika gogo mashavu akamwambia, "Hapa hajafa mtu. Umenisikia? Ana homa." Wakamfunga kwenye pazia, mchana kweupe wakambeba kama furushi la nguo za kufua, wakamlaza kando ya ukuta wa makaburi walikolazwa wengine, bila jina, bila karatasi, maana jina lingerudi mpaka kwenye kadi. Mama akamvua viatu. Gogo hakuwa na viatu.

"Nikaenda kupanga foleni ya mkate nimevaa viatu vyake," akaniambia. "Vilinibana."

Foleni ilikuwa kazi yake. Mgawa mkate alimuuliza, mdogo wako yuko wapi? Akajibu, ana homa. Wiki iliyofuata, ana homa. Miezi minne mdogo wake alikuwa na homa. Kipande chake mama alikikata nusu kwa nusu, wakala. Mpaka meli za ngano zilipoanza kuja kutoka nje.

Wenyewe tunasema mwenye njaa hana miiko. Nilimwambia na hilo, nikidhani namtuliza. Akasema, "Nilikuwa na miiko. Nilikuwa nauonea kinyaa ule mkate, na nilikuwa naumaliza mpaka chembe."

Na karatasi ya kanisani? Mama yake aliliacha jina upande wa walio hai, maana kanisani ndiko majirani walikokuwa wakisikiliza, na jirani mwenye njaa si jirani. Mjerumani akaondoka. Wagiriki wakaanza kuuana wao kwa wao, sasa nani alikuwa na Mjerumani, nani alikula nini, nani alimsema nani. Mama akaogopa zaidi. Ukimhamisha, watakuuliza alikufa lini. Ukisema lini, watakuuliza kadi yake ilikuwa na nani. Jina likakaa. Mama akafa, akaandikwa kwa wafu. Mume akaandikwa kwa wafu. Mdogo wake akabaki palepale, na gogo huku Johannesburg, nje ya Ugiriki yote, akiogopa swali la mgawa mkate aliyekufa zamani.

"Akaombewa afya miaka themanini na ushee," akasema. "Afya!"

Hapo nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nilichukua ndoo ya maji machafu nikaenda kuimwaga bustanini kwa nguvu mpaka jirani akachungulia.

Maana na sisi Mjerumani tulikuwa naye. Hilo gogo hakulijua, nilipomwambia alinitazama kama ninayemwibia. Bibi yangu, yule wa mkonge, asili yake ni Tunduru, kusini kabisa. Vita ile ya kwanza Mjerumani alimchukua baba yake kumbebesha mizigo. Walivuka Ruvuma, wakaingia nchi ya jirani, kwa Mreno, na huko Mjerumani akakaa miezi kama kwake, anakula vijiji vya watu kimoja baada ya kingine, na wapagazi wetu migongoni mwao mna risasi. Baba yake bibi hakurudi. Hakuna aliyesema amemwona amekufa, hakuna aliyesema amemwona yu hai. Mama yake bibi hakukaa eda, maana eda ya nani? Hakuolewa tena, maana ni mke wa mtu. Alizeeka hivyo. Na bibi yangu mpaka namjua mimi, mtoto mdogo, kwenye hitima watu wakiwataja wazee waliotangulia, yeye anamalizia chinichini, "na aliye safarini." Safari gani hiyo ya miaka hamsini? Sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

"Mlimcheka?" gogo akauliza.

"Tulimcheka."

Akanipapasa mkono. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka sita.

Ijumaa ikafika. Jumamosi ya pili ya wafu ni kesho yake, ngano ipo jikoni inachemka, na binti ameshaniletea kadi nyingine mpya na onyo: safari hii atakuja kanisani mwenyewe kusikiliza. Nikaketi kando ya kitanda, kadi juu ya sinia magotini. Safari hii nilimwomba gogo aweke kidole chake juu ya kila ukurasa aniambie, huu wa nani, huu wa nani. Kushoto hai. Kulia wafu. Sawa. Nikawarudisha wote sita walikotoka, binti, mkwe, mwanawe wa Australia, wajukuu. Nikawafufua. Nikaandika na wafu, mama yake, baba yake, mumewe, na wale wote. Halafu nikainua kalamu.

"Na yeye?"

Jikoni mfuniko wa sufuria ukawa unagonga.

"Mwandike alikokuwa," akasema.

Nikashusha kalamu kushoto. Kwa kweli nilitaka iishe, mgongo ulikuwa unaniuma. Lakini sikuandika. Nikamwambia, "Gogo, una miaka zaidi ya tisini. Siku wewe ukienda, hii karatasi ataandika nani? Binti yako anadhani ni binamu. Atamwacha hapo, au atamfuta. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba yule mtoto alikufa. Ni wewe na mimi, na mimi nimeshaachishwa kazi."

Maneno makali, najua. Niliyasema kwa uchovu, si kwa hekima.

"Nikimweka kule," akasema, "basi tulikula mkate wa maiti."

"Mliula," nikasema. "Na wewe ndiyo uko hapa unanisumbua kuhusu unga."

Ikatoka sauti kooni kwake, sikujua kama ni kicheko au ni nini. Alilia kwa muda mrefu, bila kujificha, mdomo wazi kama mtoto wa miaka saba. Sikumfuta. Nilimwacha alie, nikaenda kupunguza moto wa ngano nikarudi, bado analia. Aliponyamaza alinyoosha mkono, akapapasa kadi, akapata ukurasa wa kulia, akashuka kwa kidole mpaka chini kabisa pasipo na kitu. Akakiacha kidole pale. Nikaandika jina chini ya ncha ya kucha yake, herufi kwa herufi. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku ya kusaini cheti cha kifo cha mume wangu.

Jumamosi nikashuka na sinia. Binti alikuwa amekaa benchi la mbele, mgongo wima. Nikasimama pale pangu mlangoni. Kasisi akasoma nyumba hii, akasoma nyumba ile. Alipochukua kadi yetu nikajikuta nahesabu kwa vidole, mama, baba, mume, mashangazi. La mwisho lilikuwa lake. Kasisi alilisoma kama alivyoyasoma mengine, si kwa haraka wala si polepole, akaenda kwenye kadi ya watu wengine. Nikasema moyoni, inna lillahi. Nikamwongezea na baba yake bibi, yule wa Ruvuma, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Nilimwona binti akigeuka kunitafuta kwa macho, uso umejaa swali, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka.

Sijui nilipandaje ule mlima. Gogo nilimkuta vilevile nilivyomwacha, amekaa kwenye mito, nywele nilizomchana, mikono juu ya shuka.

"Amesoma?"

"Amesoma."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, gogo. Watu wamesikia."

Kazi zilikuwa zinaningoja, sufuria chafu, nepi za kutupa, dawa za saa sita. Nikaziacha. Nikavua viatu nikakaa chini, sakafuni, kando ya kitanda, kama tunavyokaa msibani, kama walivyonikalia mimi wakwe zangu Soweto mume wangu alipofariki, niliposhinda juu ya godoro nimejifunika blanketi. Nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Kiswahili kwanza, maana Kiingereza hakina pole ya kutosha, kisha nikamweleza.

"Pole sana, gogo. Pole kwa kufiwa na mdogo wako."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Wewe ni wa kwanza," akasema. "Hakuna aliyewahi kunipa pole."

Tukakaa. Nje gari likasimama, geti likatikiswa, simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Ni binti yake, tulimjua wote wawili kwa jinsi anavyotikisa geti. Nikatazama mfukoni, nikamtazama gogo.

"Mfungulie," akasema. "Mwambie avue viatu, aje akae hapo chini na wewe. Mwambie amefiwa na mjomba wake."